Hodi kabla ya ubeti: namna ya kulijibu shairi la mtu

Swali limetoka kwa msomaji wa Lushoto:

"Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha shule ya msingi, nina miaka 27. Wiki tatu zilizopita nilisoma gazetini shairi la mtunzi mmoja mzee, anawalaumu vijana kwamba wamelikimbia jembe kwa uvivu. Liliniuma sana. Shamba la babu yangu liligawanywa kwa watoto saba, na fungu alilopata baba halitutoshi sisi ndugu watano hata tukilima kwa zamu. Nimeandika beti tisa za kumjibu. Kaka yangu amezisoma akasema nimemtukana mzee wa watu. Rafiki yangu anasema ushairi ni mapambano, nitume tu. Isitoshe mzee mwenyewe amekosea sarufi, ameandika 'umengia' badala ya 'umeingia', nami nimemsahihisha katika ubeti wa sita. Je, nitume? Na adabu ya kumjibu mtu ambaye hata hanijui ni ipi?"

Marahaba, mwanangu. Beti zako tisa nimezisoma zote, pamoja na shairi la mzee ulilolikata gazetini na kuliambatisha. Nakuomba usizitume jinsi zilivyo. Usizichane pia, kwa sababu ndani yake mna jibu zuri lililofunikwa na hasira. Nimepanga ukurasa wa mashairi kwa miaka mingi, na barua kama yako zilikuwa zikija kila juma. Nyingi ya zile nilizoziweka kando hazikuwa na kasoro ya vina wala ya mizani. Ziliharibika kwa sababu mjibu aliiacha hoja akamfuata mwenye hoja hadi nyumbani kwake.

Wasomaji wengine hawajaliona shairi lenyewe, kwa hiyo nauweka hapa ubeti wa kwanza wa mzee:

Vijana wa siku hizi, jembe wamelikimbia,
Hawataki tena kazi, mjini wamehamia,
Mashamba ni ya wazazi, peke yao wanalia,
Uvivu una mizizi, kwa vijana umengia.

Na hii ndiyo mishororo miwili ya kwanza ya jibu lako:

Acha, mzee, upuzi, akili zakukimbia,
Kutwa huna hata kazi, barazani wasinzia.

Nikupe kwanza haki yako. Una mkono wa kutunga. Umevishika vina vya mzee vyote viwili, cha kati na cha mwisho, na umelichukua neno lake mwenyewe la kukimbia ukamrudishia: yeye kasema vijana wamelikimbia jembe, wewe unasema akili ndizo zinazomkimbia yeye. Hiyo ni ufundi, na ndiyo maana naogopa. Tusi baya lisilo na vina husahauliwa siku ya pili, bali tusi lenye vina huimbwa. Mzee yule atakapokwenda dukani, wajukuu wa jirani watamwimbia kwamba anasinzia barazani, na hakuna barua ya kuomba radhi itakayoufuta mshororo uliokwisha kukaa vichwani mwa watoto.

Sasa tazama ulichokisema. "Kutwa huna hata kazi." Umejuaje? Katika beti zake saba hakuna mahali alipojieleza kwamba amekaa tu. Huenda kila alfajiri yuko kwenye matuta na jembe begani, na ndiyo sababu ya uchungu wake. Shairi limekupa maneno yake, halikukupa maisha yake. Unapojibu una haki ya kuyashika maneno yale, kuyapima na kuyakataa, hata kwa ukali ukitaka. Umri wake, usingizi wake na akili zake havikuletwa mbele yako.

Chukua kalamu, uandike kwa maneno ya kawaida, bila vina, mzee anadai nini hasa. Mimi nimefanya hivyo nikapata mambo matatu. Kwanza, vijana wengi wameondoka mashambani. Pili, wazazi wamebaki kulima peke yao, na hilo ni chungu. Tatu, sababu yake ni uvivu. Je, unayakataa yote matatu? Barua yako inaonyesha huyakatai. Lile la kwanza unalikubali, na la pili linakuuma kama linavyomuuma yeye. Ugomvi wako wote uko katika jambo la tatu, na hapo una ushahidi ambao yeye huenda hajaufikiria: shamba limegawanywa hadi limekwisha. Hilo halimo katika ubeti wako wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Msomaji analifikia katika ubeti wa nne, akiwa amekwisha kuamua kwamba wewe ni binti asiye na heshima.

Kaka yako na rafiki yako wote wawili wana sehemu ya kweli. Ushairi wetu una mapambano ndani yake tangu zamani. Bwana Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, aliishi wakati Mombasa, iliyotawaliwa na ukoo wa Mazrui, ilipokuwa na uadui na Lamu, uadui uliofika hadi vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19. Yeye kwa upande wa Mombasa, na Zahidi Mgumi kwa upande wa Lamu, walijibizana kwa mashairi, na sikudanganyi kwamba walikuwa wakibembelezana. Lakini ukali wa Muyaka mara nyingi ulivikwa fumbo. Anayefumbiwa ana kazi ya kufumbua, na akishafumbua ana la kujibu. Mtu akiambiwa waziwazi kwamba akili zimemwisha, hajaachiwa kitu cha kufumbua wala cha kujibu. Kitakachobaki kwake ni kunyamaza au kurudisha tusi, na hapo mashairi yamekwisha, umebaki ugomvi.

Kuna jambo jingine katika habari ya Muyaka ambalo kila mjibu angepaswa kulijua. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu kwa miongo mingi. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliyakusanya kwa wale waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na mmishonari Mwingereza W. E. Taylor, na diwani ikachapwa 1940, miaka mia baada ya mtunzi kufariki. Leo unasoma ubeti fulani, unahisi kabisa kwamba hapa mtu anajibiwa, lakini neno analojibiwa halipo. Jibu limevuka karne mbili, swali limeachwa njiani. Kwa hiyo kabla ya ubeti wa kwanza andika unamjibu nani, shairi lake linaitwaje, na lilitoka gazeti la tarehe gani. Kisha ndani ya ubeti wa kwanza au wa pili ieleze hoja yake kwa uaminifu, kiasi kwamba yeye mwenyewe akiisoma aseme, ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema. Usipoweza kuieleza hoja ya mtu hivyo, bado hujawa tayari kuijibu.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watunzi wengi wa sasa wanaona kufuata vina vya mwenzako ni mapambo ya bure. Mimi naona humo ndimo adabu yote ilimofichwa. Mtu akitunga kwa vina vya -zi na -a, nawe ukaamua kumjibu kwa vina hivyohivyo, huna budi kulisoma shairi lake mara kumi. Utalisoma kuhesabu, utalisoma kutafuta maneno aliyokwisha kuyatumia ili usiyarudie ovyo, utalisoma tena kuona kibwagizo chake kinabadilika au hakibadiliki. Katika kulisoma huko utakutana na mambo ambayo hasira ya kwanza haikukuonyesha. Wewe, kwa mfano, umeona neno "uvivu" katika mshororo wa nne, lakini sidhani kama uliona "peke yao wanalia" katika mshororo wa tatu. Yule mzee analia, mwanangu. Na wakati unatafuta neno la tano linaloishia -zi, chai inapoa na moyo nao unapoa. Zamani hata posta ilisaidia. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa likitoka mara moja kwa mwezi. Aliyeudhiwa na shairi la Januari hakuweza kusomwa na watu kabla ya Februari, na mara nyingi ilikuwa Machi au Aprili. Alikuwa na muda wa kuchana karatasi tatu nne kabla ya ile iliyopelekwa posta. Sasa muda huo hatupewi na mtu, lazima tujipe wenyewe. Wewe umengoja wiki tatu ukaandika kuuliza kwanza, na kwa hilo nakuheshimu.

Tuje kwenye "umengia". Ubeti wako wa sita wote umeutumia kumwambia mzee kwamba hajui sarufi na kwamba watoto wako wa darasa la nne wangemsahihisha. Hesabu nami mizani, yaani silabi, za kipande kile: kwa-vi-ja-na-u-me-ngi-a. Nane. Angeandika "umeingia" zingekuwa tisa, na utao, yaani kipande cha pili cha mshororo, ungezidi. Amelifupisha neno makusudi, na ufupishaji huo una jina, unaitwa inkisari. Ni ruhusa ya mshairi tangu zamani, kama ilivyo mazida kwa kulirefusha neno, na tabdila kwa kulibadili bila kuongeza wala kupunguza mizani. Halafu rudi kwenye mshororo wako wa kwanza kabisa. Umeandika "upuzi". Neno ni "upuuzi". Ungeliandika kamili, kipande chako kingekuwa na mizani tisa, na sikio lako lilijua hivyo likalikata bila hata kukuuliza. Umefanya jambo lilelile unalomlaumia.

Sikuambii haya kukuaibisha. Nakuambia kwa kuwa hivi ndivyo masahihisho ya hadharani yanavyowaumbua wengi. Anayemsahihisha mtunzi mbele ya watu anapaswa kuwa na hakika mara tatu: hakika ya kanuni, hakika kwamba mtunzi hakukusudia, na hakika kwamba kosa ni la mtunzi na si la mchapaji. Hili la tatu nililipata kwa gharama.

Nilipokuwa na umri wako nilisoma shairi la mtunzi mkubwa kwangu kwa miaka zaidi ya thelathini. Mshororo mmoja ulikuwa na mizani kumi na nne, na shairi zima lilikuwa la kumi na sita. Nilifurahi kama aliyeokota fedha. Nikatunga beti sita za kumfundisha kuhesabu, zikachapwa, wenzangu wakanipongeza. Mzee hakujibu. Juma lililofuata halikutoka shairi lake, wala lililofuata hilo, wala mwaka ule wote. Baadaye nilikutana naye msibani. Tulipokwisha kuzika nilimsogelea, nikamwamkia, nikajitaja jina. Aliitika vizuri kabisa, akaniketisha kando yake kwenye mkeka, kisha akanisomea mshororo ule kwa kichwa. Ulikuwa na neno "tena" katikati, mizani mbili. Lilidondoka lilipokuwa likipangwa kiwandani. Nikamuuliza kwa nini hakuandika kusahihisha. Akasema alidhani wasomaji waliomjua kwa miaka yote ile wangejua wenyewe, na walipokaa kimya akaona hawamtaki tena. Nimepanga ukurasa wa mashairi miaka mingi tangu siku ile, na sijawahi kuruhusu jibu la kusahihisha mizani lipite bila kwanza kumwandikia mtunzi mwenyewe.

Kwa hiyo kosa la kiufundi, ukiliona na ukawa na hakika nalo, mpelekee mwenyewe faragha. Mhariri atakufikishia. Mistari miwili inatosha: "Baba, katika ubeti wa tano naona kama mizani zimepungua, au ni uchapaji?" Umempa mlango wa kutokea, na mara nyingi utagundua wewe ndiye uliyehitaji mlango huo.

Karibu na hilo kuna kosa jingine ambalo sisi wa bara tunalifanya sana, na wewe ni mwalimu, utakutana nalo. Mtu anasoma shairi la mtunzi wa Mombasa au Lamu, anakuta "mato" badala ya macho, "ndia" badala ya njia, "ndoo" badala ya njoo, anakimbilia kalamu nyekundu. Hayo ni Kiswahili cha kwao, na ushairi mwingi tunaousifu umetungwa kwa Kiswahili hicho kabla hakijachaguliwa Kiswahili cha kufundishia shuleni. Vivyo hivyo msomaji wa Bukavu au Lubumbashi ana maneno yake. Neno usilolijua katika kazi ya mtu, liulize kwanza. "Naomba maana ya neno fulani" ni maoni mazuri kuliko beti nyingi nilizowahi kuchapa, kwa sababu yanamfanya mtunzi aeleze, na wasomaji wote wanapata faida.

Unaniuliza pia, katika kipande cha mwisho cha barua yako ambacho sikukinukuu, kama unaruhusiwa kusema tu kwamba shairi hulipendi. Unaruhusiwa. Ila sema ni nini kilichokusukuma mbali, na wapi. Miaka ya 1970 watunzi wetu waligombana vikali juu ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya kwanza, 1974, wako waliosema haya si mashairi, wakaishia hapo. Wako upande wa pili waliojibu kwamba wazee wameganda, nao wakaishia hapo. Maneno hayo yote mawili hayamfundishi mtu kitu hata leo. Waliotusaidia ni wale waliokaa chini wakauliza: vina vinafanya kazi gani sikioni? Shairi la kuimbwa na shairi la kusomwa kimya yanahitaji mambo yaleyale? Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi walitoa kitabu cha kunga za ushairi ambamo hoja zimewekwa wazi kiasi kwamba hata mimi ninayependa vina, na nitaendelea kuvipenda, nililazimika kufikiri upya kwa nini navipenda. Mtu anayenipinga na kuniacha na swali kama hilo, hata akiwa mkali, nampisha kiti.

Sifa nazo zina adabu yake, ingawa hapa sina haja ya kusema mengi. "Kongole malenga" peke yake ni sawa na kupita mlangoni ukapunga mkono. Si vibaya. Lakini mtunzi aliyekesha na mshororo mmoja angependa kujua kwamba kuna mtu aliuona. Mtajie. Mwambie ni upi.

Urefu wa jibu ni jambo ambalo watu hawalifikirii. Mzee alitunga beti saba, wewe umemjibu kwa tisa. Mgeni akizungumza kuliko mwenyeji, kikao kinageuka kuwa chake. Jibu liwe fupi kuliko lililojibiwa. Katika beti zako, wa saba unaeleza maisha ya mjini, nao unafaa kubaki. Wa nane unaeleza ndoto zako za kusoma chuo, na ingawa ni mzuri haumjibu mtu yeyote. Uondoe hapo, uwe mwanzo wa shairi lako jingine, ulipeleke kwa jina lako na lisimame lenyewe. Nimeona wengi wanaotumia jibu kama ngazi: ubeti mmoja wa kumtaja mwenye shairi, beti nane za kujitangaza. Wasomaji wanalitambua hilo upesi.

Umeuliza kama utumie lakabu kwa sababu wazazi wa wanafunzi wako wanasoma gazeti. Tumia, mradi mhariri awe na jina lako halisi. Watunzi wetu wengi wamejulikana kwa lakabu kuliko kwa majina ya nyumbani, na hakuna aibu ndani yake. Kipimo changu ni hiki: andika kana kwamba jina lako kamili litachapwa, kisha weka lakabu. Kama kuna mshororo ambao usingeuandika chini ya jina lako, uondoe, kwa sababu mzee yeye ameweka la kwake.

Na namna ya kumwita. "Mzee" ni neno la heshima, wote tunalijua, lakini ukiliweka baada ya "acha" linageuka. Mwite baba, mwite mlezi, mwite malenga. Yeye ni mtu wa rika la babu yako, mwamkie. Katika ushairi wa magazetini tuna desturi nzuri ya kuanza kwa hodi, kwa mhariri au kwa mtunzi, na kumaliza kwa tamati au kaditama, na vijana wengine wanaiona kuwa ni kupoteza beti. Mimi siioni hivyo. Hodi inamwambia mwenye nyumba kwamba unajua nyumba ni yake.

Ubeti wako wa tisa unafunga kwa kumwambia asikujibu tena. Huo lazima uondoke. Huwezi kusema neno zito juu ya kazi ya mtu kisha ukafunga mlango kwa nje. Mpe nafasi ya kujibu, mwombe ajibu. Na akishajibu, neno lake liwe la mwisho, hata kama bado una hoja. Shairi ni lake, ndiye aliyeanza, na wasomaji wana akili ya kupima wenyewe. Mathias Mnyampala alipoitengeneza ngonjera miaka ya 1960 aliwaweka watu wawili wanaopingana, mmoja asiyejua na mmoja anayejua, na mwishoni wakapatana. Maisha hayapatani kirahisi hivyo, wala silazimishi wewe na mzee mkumbatiane. Ninachokipenda katika ngonjera ni kwamba yule wa pili anaposema, wa kwanza amenyamaza, anasikiliza, ndipo zamu yake inakuja.

Nimejaribu kukuandikia ubeti wa kwanza. Si lazima uutumie, ila uone jinsi vina vyako vilevile na hoja yako ileile vinavyoweza kukaa:

Hodi, baba na mlezi, kijana nimesikia,
Beti zako waziwazi, moyoni zimeningia,
Kweli jembe ndilo kazi, kwalo mlitulishia,
Shamba lenyewe, mzazi, wapi lililobakia?

Ona kwamba sijakurudisha nyuma hata hatua moja. Swali la mshororo wa nne ni kali kuliko kusinzia barazani. Mzee hawezi kulijibu kwa kukasirika. Atalazimika kulitazama shamba lake mwenyewe na kuwahesabu watoto wake. Pia limetokana na neno lake, mashamba, na limewekwa mahali ambapo yeye aliweka uvivu, yaani kwenye kituo. Nami, kama unavyoona, nimeandika "zimeningia".

Baada ya huo, ruka beti zako tatu za mwanzo, nenda moja kwa moja kwenye wa nne, kisha wa tano wenye hesabu ya watoto saba na ndugu watano, kisha wa saba. Malizia na ubeti mpya wa kumwomba akujibu: wewe ukiwa na fungu lile ungefanyaje? Muulize kwa dhati, kwa sababu huenda ana jibu. Zitakuwa beti tano. Ziweke sandukuni siku nne, uzisome kwa sauti mbele ya kaka yako, kisha upeleke.

Ubeti wa nne usiuguse. Ule wa babu yako akichimba matuta mlimani kwa mkono, na mistari ya mipaka iliyochorwa juu ya matuta yale baada ya kuzikwa kwake. Mzee atakapoufikia ubeti huo atakuwa anasoma habari za mtu wa rika lake. Nimeuhesabu mizani mara mbili, zimetimia.